Vita vya Manowari vya 1914: Kwanza Walikata Waya

Leo tuache kidogo mambo ya lugha za programu na simu mpya. Nataka tuzungumze historia. Usihofu, hatutaenda mbali: tutazunguka Pasifiki, Atlantiki na Bahari Hindi, tupite Zanzibar na Rufiji, kisha turudi palepale kwenye mtandao wetu.

Wengi wetu tukisikia "vita vya baharini" tunaona mizinga, moshi na meli inayozama. Hivyo vyote vilikuwepo. Lakini Uingereza ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia usiku wa tarehe 4 Agosti 1914, moja ya hatua zake za kwanza kabisa baharini haikuhitaji mzinga hata mmoja. Meli ya kutengeneza nyaya za simu, jina lake Alert, ilitoka usiku ule ikaenda kwenye mlango wa bahari kati ya Uingereza na bara la Ulaya. Alfajiri ya tarehe 5 mafundi wake wakatupa ndoano chini, wakavua waya wa Wajerumani, wakaukata. Wakavua wa pili, wakaukata. Walipomaliza, nyaya tano zilizounganisha Ujerumani na Ufaransa, Hispania, Afrika na Marekani zilikuwa zimekufa.

Sisi waandishi wa programu tunalijua shambulio la aina hii. Humvunji adui mlango. Unamzibia njia yake salama ili alazimike kutumia njia dhaifu, ambayo wewe tayari umekaa pembeni unaisikiliza. Hoja yangu leo ni kwamba vita vya manowari vya 1914 katika bahari tatu vinaeleweka vizuri zaidi ukivisoma kama vita vya mtandao. Waliokufa walikufa kwa makombora na maji, ni kweli. Lakini ni nani akutane na nani, wapi na lini, mara nyingi hilo liliamuliwa na ujumbe: uliofika, uliochelewa, au uliosikika na sikio lisilotakiwa.

Intaneti ya babu zetu

Mwaka 1914 dunia ilikuwa na mtandao wake. Nyaya za shaba zilizofunikwa kwa utomvu wa miti ya gutta-percha zililazwa chini ya bahari, na ujumbe ulipita humo kwa alama za umeme. Sehemu kubwa ya nyaya hizo ilikuwa mali ya kampuni za Kiingereza. Mwaka 1902 Waingereza walikamilisha waya wa Pasifiki kutoka Canada hadi Australia na New Zealand, ukipitia kisiwa cha Fanning na Fiji. Kuanzia hapo London iliweza kuzungumza na makoloni yake kuizunguka dunia nzima bila ujumbe kupita kwenye ardhi ya mgeni. Pwani yetu nayo haikusahauliwa: Zanzibar iliunganishwa na Aden upande mmoja na Durban upande mwingine tangu 1879.

Wajerumani waliliona tatizo mapema. Anayemiliki waya anaweza kukukatia, na akitaka anaweza kukusoma. Basi wakawekeza kwenye teknolojia mpya ya siku zile, simu ya upepo, yaani telegrafu isiyo na waya. Kituo kikuu kilikuwa Nauen karibu na Berlin. Kule Kamina, Togo, walijenga kituo kikubwa cha kupokea na kusukuma ujumbe mbele. Walikuwa na vingine Windhoek, Dar es Salaam, kisiwa cha Yap katika Pasifiki na kwingineko. Kwa lugha ya leo, Nauen ilikuwa seva kuu, Kamina ilikuwa ruta, na manowari zilizotawanyika baharini ndizo zilikuwa vifaa vya watumiaji.

Tofauti ya teknolojia hizi mbili ndiyo kiini cha hadithi yote. Waya ni sawa na kumnong'oneza mtu sikioni. Simu ya upepo ni kupaza sauti sokoni: unayemwita anasikia, na wengine wote wanasikia. Unaweza kusema kwa mafumbo, lakini huwezi kuficha kwamba umesema.

Sasa tazama mpangilio wa Agosti 1914. Tarehe 5, nyaya zinakatwa. Tarehe 8, manowari ya Kiingereza Astraea inafika Dar es Salaam na kupiga makombora kuelekea kituo cha simu ya upepo, na Wajerumani wenyewe wanauangusha mnara wao usitekwe. Tarehe 12, Yap inapigwa kutoka baharini. Usiku wa kuamkia tarehe 25, huku majeshi ya Waingereza na Wafaransa yakikaribia, Wajerumani wanaibomoa Kamina kwa mikono yao. Ndani ya wiki tatu mtandao wa Ujerumani ng'ambo ulikuwa vipande. Manowari zake bado zilikuwa nzima, zikielea, zenye mizinga mizuri na mabaharia hodari. Zilikuwa tu hazina nyumbani pa kupiga simu.

Emden: meli iliyobadilisha sura

Kikosi kikubwa cha Wajerumani nje ya Ulaya kiliongozwa na Admirali Maximilian von Spee katika Pasifiki. Katikati ya Agosti, kwenye kisiwa cha Pagan, Spee aliamua kuelekea Amerika Kusini. Lakini alikubali ombi la Karl von Müller, nahodha wa manowari nyepesi Emden, aachwe aende Bahari Hindi peke yake.

Müller alikuwa fundi wa udanganyifu. Emden ilikuwa na dohani tatu. Yeye akasimamisha ya nne, ya bandia, ili ikitazamwa kwa mbali ionekane kama manowari ya Kiingereza. Leo barua pepe ikija na anwani ya mtumaji ambayo si yake tuna majina mengi ya kuitaja. Müller alifanya hivyo kwa mbao na turubai.

Mbinu ilifanya kazi. Kuanzia Septemba aliteka meli za biashara zaidi ya ishirini. Usiku wa tarehe 22 Septemba aliyapiga makombora matangi ya mafuta ya Madras, moto ukaonekana mbali. Tarehe 28 Oktoba aliingia bandari ya Penang alfajiri, akazamisha manowari ya Kirusi Zhemchug na manowari ndogo ya Kifaransa Mousquet. Wakati huo wote alikuwa msikilizaji zaidi kuliko msemaji. Redio yake ilikaa kimya huku mafundi wake wakichota habari kutoka kwa meli za Kiingereza zilizokuwa zikipiga gumzo hewani bila tahadhari.

Kilichomwangusha ni mtandao wenyewe. Asubuhi ya tarehe 9 Novemba alifika visiwa vya Cocos, ambako nyaya za Kiingereza zilikutana, akashusha watu wapatao 50 wakiongozwa na Hellmuth von Mücke wakavunje kituo. Lakini wale wa kituoni, ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa kutazama bahari na kugonga ufunguo wa telegrafu, walishuku ile dohani ya nne. Kabla Wajerumani hawajakanyaga ufukwe walikuwa wametuma habari kwa waya na kwa redio: meli ngeni iko mlangoni, tusaidieni.

Emden ilijaribu kuuziba ujumbe ule kwa kelele za redio yake, lakini ulikuwa umepita. Kisha mafundi wake walisikia manowari ya Kiingereza ikijibu kwa mbali. Kwa kupima udhaifu wa mawimbi wakakadiria kwamba iko mbali sana, muda upo. Hesabu yao kuhusu meli ile haikuwa mbaya. Tatizo ni meli ambayo hawakuisikia. Msafara mkubwa wa askari wa Australia na New Zealand ulikuwa ukipita umbali wa maili hamsini na kitu, na mmoja wa walinzi wake, manowari ya Australia iitwayo Sydney, aligeuza uso mara moja.

Sydney ilikuwa kubwa zaidi, na mizinga yake ilikuwa mizito na ya kufika mbali. Kabla ya adhuhuri Müller aliipandisha Emden juu ya miamba ya kisiwa cha North Keeling isizame na waliobaki. Zaidi ya mabaharia 130 wa Emden walikufa. Kwa Sydney walikufa 4. Wale waliobaki ufukweni na Mücke waliiba jahazi kuukuu liitwalo Ayesha, wakasafiri hadi wakafika Yemen, na mwaka 1915 wakaingia Istanbul. Hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Kumbuka jambo moja: meli iliyozisumbua manowari za mataifa manne kwa miezi miwili ilimalizwa na wafanyakazi wa kampuni ya simu wasio na bunduki, kwa ujumbe mfupi mmoja.

Ujumbe kwa marehemu

Turudi Pasifiki. Tarehe 7 Septemba meli moja ya Spee, Nürnberg, ilifika Fanning ikipeperusha bendera ya Ufaransa. Wafanyakazi wa kituo cha waya wakajua ni wageni wema. Mabaharia wakashuka, wakavunja mitambo, wakakata waya. Ule mnyororo wa kuizunguka dunia ukakatika kiungo kimoja. Lakini Australia haikupotea, kwa sababu ujumbe uliendelea kupita upande wa pili, kwa nyaya za Bahari Hindi. Mtandao wenye njia mbili hauui mtu kwa kukatwa mara moja.

Spee akaendelea hadi pwani ya Chile. Hapo ndipo alipocheza mchezo wake mzuri kuliko yote: aliamuru meli moja tu, Leipzig, ndiyo itumie redio, nyingine zote zinyamaze. Waingereza waliposikiliza hewani walisikia jina moja, wakaamini meli iko moja. Admirali Christopher Cradock akaenda kuiwinda Leipzig. Na Spee, kwa upande wake, alikuwa amepata habari kwamba manowari moja ya Kiingereza, Glasgow, ipo karibu na Coronel, akaenda kuiwinda. Kila mmoja alifuata alama moja kwenye kioo chake, na jioni ya tarehe 1 Novemba 1914 vikosi viwili vikakutana uso kwa uso.

Meli za Cradock zilikuwa za zamani, na wengi wa mabaharia wake walikuwa wa akiba, watu waliotolewa kwenye kazi zao miezi mitatu tu iliyopita. Jua lilipozama, meli zake zilionekana kama vivuli vyeusi mbele ya anga jekundu, na zile za Spee zikapotelea kwenye giza la pwani. Good Hope na Monmouth zilizama na watu karibu 1,600. Katika meli hizo mbili hakuokoka hata mmoja. Wajerumani walikuwa na majeruhi watatu.

Sasa sehemu inayoniumiza mimi kama mtu anayeshughulika na mifumo ya kutuma ujumbe. London na Cradock walikuwa wakizungumza kwa njia ndefu: waya hadi Amerika Kusini, kisha kusubiri meli au redio iuchukue ujumbe mbele. Siku zilipita kati ya swali na jibu. Amri zikapishana njiani, na Cradock akabaki akibahatisha wakubwa wake wanataka nini. Tarehe 3 Novemba makao makuu ya jeshi la majini yalimtumia maagizo mapya: manowari nyingine yenye nguvu inakuja kujiunga naye, wala asiende kupigana bila meli kongwe Canopus yenye mizinga mikubwa. Maagizo ya busara kabisa. Aliyeandikiwa alikuwa chini ya bahari tangu juzi yake.

Tunapopima mifumo yetu tunasema "ucheleweshaji" kana kwamba ni tarakimu tu kwenye grafu. Hapa ucheleweshaji una majina ya watu 1,600.

Uingereza ilijibu kwa kutuma manowari mbili kubwa na za kasi, Invincible na Inflexible, chini ya Admirali Doveton Sturdee. Zilifika visiwa vya Falkland tarehe 7 Desemba. Asubuhi iliyofuata, zikiwa bado zinapakia makaa ya mawe, Spee alitokea. Alikuja kufanya nini? Kuharibu kituo cha redio na akiba ya makaa. Kwa mara nyingine Mjerumani alifuata nodi ya mtandao, na kwa mara nyingine alikuta kilicho nyuma yake. Mpaka jioni Scharnhorst, Gneisenau, Nürnberg na Leipzig zilikuwa zimezama. Spee alikufa, na wanawe wawili, Otto na Heinrich, waliokuwa kwenye meli tofauti za kikosi kilekile, walikufa siku hiyohiyo. Dresden pekee iliponyoka. Nayo ilipatikana Machi 1915 kwenye visiwa vya Juan Fernández vya Chile, baada ya Waingereza kunasa na kufumbua ujumbe kuhusu meli ya kuiletea makaa.

Nyumbani: Zanzibar na Rufiji

Sasa tuje kwetu. Manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, ilikuwa Dar es Salaam tangu Juni 1914. Ilitoka kabla vita havijatangazwa, na tarehe 6 Agosti iliteka meli ya biashara City of Winchester karibu na pwani ya Oman. Kisha ikapotea. Shida yake ilikuwa makaa: Waingereza walikuwa wamehakikisha hakuna wa kumuuzia katika pwani ile.

Jumapili ya tarehe 20 Septemba, alfajiri, ilijitokeza mbele ya bandari ya Zanzibar. Ndani kulikuwa na manowari ya Kiingereza Pegasus, imetia nanga, mitambo yake ikitengenezwa. Mizinga ya Königsberg ilifika mbali kuliko ya Pegasus, kwa hiyo Waingereza walipigwa bila kuweza kujibu kwa maana. Watu 38 walikufa, na Pegasus ikazama baadaye siku hiyo.

Looff alitaka kuendelea, lakini mashine yake iliharibika. Akajificha ndani ya delta ya Rufiji, kwenye vijito vinavyopinda katikati ya mikoko ambako ramani za Waingereza zilikuwa hazifai kitu. Vipuri vya mashine vilibebwa na kuburutwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam na kurudishwa tena. Vilibebwa na nani? Na watu wa bara letu. Vitabu vingi vinamtaja nahodha kwa jina na cheo, kisha vinasema "wapagazi" kwa neno moja na kuendelea na safari.

Waingereza waliitafuta kwa wiki nyingi. Königsberg ilikuwa kimya hewani, na meli isiyosema haina alama. Ilipatikana kwa karatasi. Oktoba, huko Lindi, manowari Chatham ilikagua meli ya Kijerumani Präsident na kukuta nyaraka zilizoonyesha makaa yamepelekwa Rufiji. Tarehe 30 Oktoba walioshuka ufukweni waliiona milingoti yake juu ya mikoko. Yeyote aliyewahi kufuatilia hitilafu kwenye mfumo anaijua mbinu hii: kifaa chenyewe hakisemi kitu, lakini kumbukumbu za malipo zinaeleza yote.

Kuipata ni jambo moja, kuifikia ni jingine. Manowari kubwa haziwezi kupita kwenye maji yale ya kina kifupi. Ilibidi Waingereza wavute kutoka Malta meli mbili za kupita mtoni, Severn na Mersey, ambazo awali ziliundwa kwa ajili ya Brazil. Zilishambulia tarehe 6 Julai 1915 na kushindwa. Zilirudi tarehe 11. Safari zote mbili wapigaji hawakuiona shabaha, kwa sababu mikoko iliwakinga pande zote. Macho yao yalikuwa ndege iliyotoka kisiwa cha Mafia, ikiwa na redio ya kutuma alama za Morse: kombora limeanguka mbele, rudisha nyuma kidogo, sogeza kushoto. Siku ya pili ndege ilipigwa ikaanza kuanguka, na mtazamaji aliyekuwa ndani akaendelea kugonga masahihisho hadi wakatua mtoni. Waliokolewa wote wawili. Königsberg iliteketea, na Looff akaamuru imaliziwe kwa topido yake mwenyewe.

Hapo hadithi ya bahari ingeisha, lakini kwetu haikuisha. Wajerumani waliipakua mizinga yote 10, wakaitengeneza Dar es Salaam, wakaifunga magurudumu. Ikaburutwa na jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck katika vita vya nchi kavu vilivyoendelea hadi Novemba 1918. Pande zote mbili zilitegemea wapagazi, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu. Kikosi cha wapagazi wa Waingereza ndicho kilichotuachia majina Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor hapa Nairobi. Ukienda Fort Jesus, Mombasa, utaona mzinga mmoja wa Königsberg umekaa pale juani, watoto wakipigia picha. Ni kifaa kilichoundwa Ujerumani kwa ajili ya bahari, kikavutwa na Waafrika maporini.

Vitabu vitatu

Bado nina deni moja. Nilisema simu ya upepo ni kupaza sauti sokoni, lakini Wajerumani walisema kwa mafumbo. Kwa nini hayakuwakinga?

Kwa sababu Waingereza walipata vitabu vya misimbo. Cha kwanza kilitoka Australia: tarehe 11 Agosti 1914, karibu na Melbourne, ofisa wa jeshi la majini alivaa kiraia akajifanya mkaguzi wa karantini kwenye meli ya Kijerumani Hobart, akamvizia nahodha usiku alipokwenda kwenye maficho yake. Cha pili kilitoka Urusi: tarehe 26 Agosti manowari Magdeburg ilipanda mwamba kwenye pwani ya Estonia ya leo, Warusi wakapata vitabu na kuwapa Waingereza nakala moja, iliyofika London Oktoba. Cha tatu kilivuliwa kwa wavu wa samaki tarehe 30 Novemba, ndani ya sanduku lililotupwa kutoka meli iliyozama Bahari ya Kaskazini.

Hakuna hata kimoja kilichopatikana kwa hesabu ngumu. Kimoja ni hila, kimoja ni ajali, kimoja ni bahati ya mvuvi. Ofisi ndogo ya London iliyoitwa Chumba cha 40 ikaanza kusoma barua za jeshi la majini la Ujerumani. Na Wajerumani? Kitabu kilichopotea na Magdeburg kiliendelea kutumika hadi 1917. Walibadilisha funguo za juu, kitabu chenyewe wakakiacha. Unaweza kuwacheka, lakini kwanza jiulize nywila ya seva ya ofisini kwenu ilibadilishwa lini mara ya mwisho.

Matunda makubwa ya zile nyaya tano zilizokatwa na Alert yalikuja Januari 1917. Ujerumani ilikuwa karibu kuanza kuzamisha kila meli kwa nyambizi, na waziri wake wa mambo ya nje, Arthur Zimmermann, alitaka kuishawishi Mexico iingie vitani dhidi ya Marekani endapo Marekani ingejiunga na adui. Hakuwa na waya wake mwenyewe. Ujumbe wake ulipita kwenye nyaya za wengine, nyaya zilizogusa ardhi ya Uingereza, na Chumba cha 40 kikausoma. Gazeti za Marekani ziliuchapisha tarehe 1 Machi, na tarehe 6 Aprili 1917 Marekani ikatangaza vita.

Tunaondoka na nini?

1. Njia ya mawasiliano ni sehemu ya usalama. Msimbo mzuri juu ya njia inayomilikiwa na adui ni nusu ya kazi.

2. Hata usipofumbuliwa, unaonekana. Spee aliwadanganya Waingereza kwa jina la meli tu, bila neno lolote kusomwa. Nani anasema, mara ngapi, akiwa wapi: hiyo nayo ni habari.

3. Ukimya unakinga, lakini una gharama. Königsberg ilijificha vizuri kiasi kwamba haikuwa na faida tena kwa bahari.

4. Njia mbili ni bora kuliko moja. Fanning ilikatwa, Australia ikaendelea kuzungumza.

La mwisho si la mashine. Mikonga ya intaneti ya leo inapita kwenye bahari ileile. TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, na kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti. Februari 2012 meli moja ilitia nanga karibu na Mombasa ikaikata TEAMS. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa wakati mmoja, na tuliokuwa kazini tuliona kurasa zikigoma kufunguka huku wateja wakituuliza tumefanya nini. Zile zilikuwa ajali. Mwaka 1914 unatukumbusha kwamba kinachoweza kukatika kwa ajali kinaweza kukatwa kwa makusudi, na usiku wa kwanza wa vita.

Kwa hiyo maswali ya Wajerumani wa 1914 ni yetu pia: waya unapita kwa nani, nani anaweza kuukata, nani anaweza kuusikiliza, na tuna njia ya pili? Wapagazi wa Rufiji hawakuulizwa lolote kuhusu vita ile wala kuhusu mtandao ule, na bado wao ndio waliobeba mzigo. Sisi angalau tunaweza kuuliza.

Siku nyingine nitawaandikia kuhusu Kilindini, ambako mwaka 1942, katika vita ya pili ya dunia, wafumbuaji wa misimbo ya Kijapani walihamia shule moja hapo Mombasa. Hadi wakati huo, wekeni nakala za kazi zenu mahali pawili, na mbadilishe nywila.